Goti la Kulia la Marla Stasiak

Marla Stasiak alikuwa fundi mazulia, tena alikuwa mpiga dramu. Kazi zote mbili alizifanya kwa goti moja, la kulia, na goti lilipogoma likazigomea zote kwa pamoja. Nayajua haya kwa sababu nilipiga gitaa la besi kando yake miaka minane, na siku mambo yalipoharibika ni mimi niliyemkokota hadi kwenye gari.

Alizaliwa na kukulia Levittown, Pennsylvania, kwenye mitaa ile ambayo nyumba zote zinafanana, mtu akilewa anaweza kuingia kwa jirani na kufungua jokofu kabla hajashtuka. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na mmoja. Baba yake, Walt, hakujua amfanyie nini mtoto wa kike siku za Jumamosi, basi akawa anakwenda naye kazini. Huko ndiko alikojifunza. Zulia la ukuta hadi ukuta haliwekwi tu likakaa. Linavutwa mpaka linyooke. Fundi anapiga magoti, anashika chombo cha chuma chenye meno upande mmoja na mto mdogo upande wa pili, anakikandamiza juu ya zulia, halafu anaupiga ule mto kwa goti. Pa! Zulia linasogea nusu kidole na kunasa kwenye misumari ya pembeni. Unasogea, unapiga tena. Sebule ya kawaida inakula mapigo mia mbili. Marla alipotimiza miaka ishirini, Walt alipaka upya ubavu wa gari la kazi: STASIAK NA BINTI. Akawa analiosha kila Ijumaa, hata kama si chafu.

Dramu zilikuja kwa bahati. Jirani mmoja aliyekuwa anahamia Florida alitandaza vitu vyake uani kuviuza, na katikati ya sufuria na viti vya plastiki kulikuwa na seti nzima ya dramu. Marla akaketi kuzijaribu. Keith Brannigan, ambaye alikuwa amekuja kutafuta baiskeli, akasimama kumsikiliza, kisha akamuuliza kama ana bendi.

"Nina zulia la kutandika saa sita," Marla akamjibu.

"Na baada ya hapo?"

Brannigan alikuwa anaimba na kupiga gitaa, na mimi nilikuwa rafiki yake tangu shule. Tukawa watatu. Bendi tukaiita Karatasi ya Ruhusa, kwa ile karatasi ya shule ambayo mzazi lazima aitie sahihi ndipo mtoto apande basi la safari. Tulipiga panki, lakini panki ile tamu, ya kuimbika: magitaa yanakwenda mbio kama yanafukuzwa, na juu yake mtu analalamika kwa sauti nzuri kuhusu msichana, kuhusu mji, kuhusu bwawa la plastiki lililopasuka. Tulipiga Jumapili mchana kwenye ukumbi wa zimamoto, kwenye ukumbi wa askari wastaafu, mara moja mbele ya duka la magodoro lililokuwa linafungwa. Hakuna kampuni ya muziki iliyotujua, na sisi hatukujua tuanzie wapi kuitafuta.

Mazoezi tulifanya ghalani kwa Walt akishafunga kazi. Mazulia yaliyoviringishwa yalisimama kila ukuta, na sauti haikutoka nje hata kidogo. Walt hakukaa kutusikiliza hata mara moja. Alivaa koti, akachukua chupa yake ya kahawa, na akifika mlangoni akasema yaleyale ya kila siku: "Mkitoka fungeni mlango."

Mwaka 2002 tukaamua kutoa albamu yetu ya kwanza, sisi wenyewe, kwa jina letu. Nyimbo kumi na moja tulikuwa nazo. Wa kuturekodi alikuwa Hal Ostrander, mzee mwenye studio ndani ya iliyokuwa kliniki ya meno. Alizoea kwaya za makanisa na bendi za polka, na mwisho wa Agosti alikuwa anafunga ahamie kwa dada yake Vermont. Alitupa siku nne, kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na mbili.

"Hizo tu," alisema. "Tarehe kumi na sita nang'oa nyaya."

Wakati huohuo Walt akapata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: korido za nyumba ya wazee, ghorofa mbili. Marla akaanza kuzitandika mwishoni mwa Julai. Hakutuambia kwamba goti lilikuwa linamsumbua tangu mwaka uliotangulia. Tulikuwa tumesikia mguu wake unachelewa kidogo, kama upana wa unywele, hasa kwenye beti za pili, tukadhani ndio mtindo wake. Brannigan aliwahi hata kumsifia.

Alhamisi ya wiki ile ya kwanza ya korido tulikuwa mazoezini, kwenye wimbo wa nne, na ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa kukanyaga, ikanyamaza. Mikono inaendelea, matoazi yanalia, chini hakuna kitu.

"Marla, mguu umelala?" Brannigan akauliza.

"We endelea kuimba."

"Naimbaje? Nasikia kama naelea."

"Keith, nimesema imba."

Akaimba. Wimbo ulipokwisha Marla hakuinuka. Nikamwona anajaribu kuvuta mguu wa suruali upite juu ya goti, na haupiti. Goti lilikuwa limevimba kama balungi.

"Mungu wangu. Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu saa tatu asubuhi."

"Na umefanya kazi siku nzima?"

"Korido haijitandiki yenyewe, Gavin."

Nikamshika kwapani nikamkokota. Brannigan akatufuata na viatu vyake, maana Marla alipiga dramu na soksi, akawa anarudia, "Pole, nilikuwa natania tu, ile ya kulala nilikuwa natania."

Daktari alimtoa maji gotini, mabomba mawili ya sindano, rangi kama chai. Akamwambia kifuko cha mbele ya goti kimeharibika na gegedu imelika. Wiki sita asipige magoti wala asikanyage kitu kwa nguvu. Na kile chombo chenye mto asikiguse tena maishani mwake.

"Na dramu?" Marla akamuuliza.

Daktari akamtazama juu ya miwani. "Kwani unapiga dramu? Kwa mguu upi?"

Marla alinisimulia haya akicheka, halafu akaacha kucheka.

Jumamosi nilipita kwao. Walt alikuwa jikoni anakaanga pierogi, zile sambusa za Kipolandi zenye viazi ndani, na vitunguu. Marla alikuwa ameketi, mguu juu ya kiti cha pili, mfuko wa njegere za barafu juu ya goti.

"Ni hizo ngoma," Walt akasema bila kugeuka. "Miaka minne unakanyaga lile dude kama unaua nyoka. Goti ni nyama, si chuma."

"Ni zulia, Baba. Daktari kasema ni zulia."

"Daktari kawahi kutandika zulia?"

"Kawahi kuona magoti."

"Mimi nimetandika miaka thelathini na tano. Niko hapa, nimesimama."

"Umesimama kwa sababu kuinama huwezi!" Marla akasema. "Hata kanisani, Baba. Tangu nina miaka kumi na tano sijakuona umepiga magoti. Unakaa ukingoni mwa benchi unajifanya unasali."

Nilitamani niwe nje. Walt akazima jiko, akafuta mikono, akachukua funguo kwenye msumari, na baada ya dakika moja tukasikia gari linaondoka. Pierogi zilikuwa zimeiva upande mmoja tu.

"Leta sahani," Marla akaniambia. "Kula, usinitazame."

Tukazila hivyohivyo.

Kwa siku mbili Walt hakusema naye zaidi ya habari ya chumvi na habari ya simu. Jumanne Marla akaniomba nimpeleke ile nyumba ya wazee, akamwombe radhi meneja kwa kazi iliyosimama. Mguu wa kuendeshea haukuwa wake tena. Tulipoingia korido ya chini tukakuta zulia la rangi ya damu ya mzee limeshatandikwa karibu nusu. Mwishoni kabisa, akina bibi wanne walikuwa kwenye viti vya magurudumu wamepanga nusu duara kama watu walio kwenye onyesho. Katikati yao, chini, alikuwa Walt, miaka sitini na mmoja, ameshika chombo cha binti yake.

"Nyie ndio wenye huyu?" bibi mmoja mwenye shali ya zambarau akatuuliza. "Amekwama hapo tangu saa nne. Tumemwambia apumzike, anasema anapima. Anapima nini saa nzima? Tumempa jeli, hataki jeli."

Marla akasogea na magongo yake.

"Baba, inuka."

"Nitainuka."

"Inuka sasa."

Walt akatazama zulia. "Siwezi, Marla. Nilikuwa nangoja hawa waende kula ndio nijivute mpaka ukutani."

"Sisi tumeshakula," bibi wa shali akasema.

Nilimwinua kwa nyuma, Marla akampa gongo moja, na tukamketisha kwenye kiti cha magurudumu kilichokuwa tupu. Akina bibi wakapiga makofi. Uso wa Walt ulikuwa na jasho hadi kwenye nyusi. Akaviringisha mkono wa shati, akauteremsha tena.

"Nilijua," akasema. "Yangu yalianza nikiwa na umri wako. Daktari akaniambia maneno hayohayo, karibu neno kwa neno."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani wewe umechukua magoti ya mama yako."

Marla alisimama na gongo moja, kisha akaketi sakafuni polepole, mguu wa kulia ameunyosha mbele, akaegemea gurudumu la kiti cha baba yake. Wakakaa hivyo. Mimi nikaila ile jeli, kwa sababu bibi alikuwa bado ameishika na mkono unamtetemeka. Wiki hiyo Walt akatafuta mafundi wawili kutoka Bristol, mji wa jirani, wamalizie korido, na yeye akasimamia kazi akiwa kwenye kiti.

Bendi nayo ilikuwa na lake. Brannigan alikuja Jumatano ile, akazunguka ghalani akigusa mazulia kama mtu anayetaka kununua.

"Sema, Keith," Marla akamwambia.

"Tuahirishe."

"Hal anang'oa nyaya."

"Basi kuna Skip Lundy, yule wa Trenton."

"Yule anayepiga kama saa ya ukutani?"

"Huyo."

"Simtaki."

"Simtaki hata mimi. Lakini ana miguu miwili, Marla."

Badala ya kujibu, Marla akamwambia tugeuze dramu zote. Kilichokuwa kulia kikaenda kushoto, ngoma kubwa ikasogezwa chini ya mguu wa kushoto, na mguu wa kulia ukalazwa juu ya rundo la vipande vya zulia. Akaanza kujifunza upya kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono mwingine. Alikuwa akifanya kuanzia asubuhi Walt anapofungua ghala mpaka jua linapoinama. Mwanzoni nilishindwa kusikiliza. Wimbo niliouzoea kama jina langu ulikuwa unajikwaa kila hatua, na yeye anatukana, anaurudia. Siku ya sita ulikuwa unatembea. Siku ya tisa, nyimbo tatu zilikuwa zinakimbia.

Ijumaa kabla ya kurekodi tulipiga zote kumi na moja. Saba zilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko zamani, kwa sababu ilibidi asikilize kila pigo. Nne zilikuwa za kasi mno, mguu wa kushoto ukaishiwa pumzi katikati. Marla akafuta uso kwa fulana, akachechemea hadi kwenye simu ya ukutani, tukamsikia anasema: "Skip? Marla Stasiak. Ndiyo, huyohuyo wa mazulia. Alhamisi una nafasi?"

Jumatatu na Jumanne tukaanza na zile saba. Sakafu ya Ostrander ilikuwa ya vigae, bado ina matundu ya viti vya daktari wa meno, na ngoma kubwa ikawa inateleza mbele kila Marla anapokanyaga. Tulijaribu matofali, tukajaribu kamba. Jumanne mchana mlango ukafunguliwa, akaingia Walt na kipande cha zulia begani, rangi ya damu ya mzee.

"Hal kanipigia simu," akasema. "Nyie wawili, chini."

Mimi na Brannigan tukapiga magoti. Walt akasimama juu yetu, mikono kiunoni.

"Shika ukingo. Si hivyo, Keith, unashika kama unakamata kuku. Vuta kwako. Gavin, kwako! Sasa kanyaga pembe. Mnaona? Watu wazima, hamjui kulaza zulia."

Marla alicheka mpaka akajishika mbavu. Zulia likakaa, dramu zikakaa. Walt hakuondoka. Ostrander akampa vipokea sauti vya masikioni, akavivaa juu ya kofia, akasikiliza wimbo mzima kupitia kioo bila kutikisa hata kidole. Ulipokwisha akavivua.

"Huyu Keith," akamuuliza Ostrander, "kwani hapumui?"

"Anapumua mwishoni," Ostrander akasema.

"Na yule binti?"

"Yule hakosei."

Walt akaitikia kwa kichwa, akavivaa tena.

Alhamisi akaja Skip Lundy, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi. Kabla hajagusa kijiti alimwomba Marla amsikilizishe kanda za mazoezi, zile za kabla ya goti. Alisikiliza kila wimbo mara mbili, akiandika kwenye daftari dogo. Kisha akamwomba asimame mbele yake na kumwonyesha. Marla akasimama na magongo, akamwimbia dramu kwa mdomo, du-du-ka, du-ka, na Lundy akamfuata.

"Kwenye ubeti wa pili mguu wako unachelewa kidogo," Lundy akasema. "Makusudi?"

Marla alitutazama mimi na Brannigan, kisha akamrudia yeye.

"Si makusudi. Goti lilikuwa linauma."

"Nipige sawasawa, basi?"

Akafikiri. "Hapana. Chelewa."

Lundy akachelewa. Alichelewa vizuri, kwa heshima, kila mahali palipotakiwa. Nilipiga besi naye nyimbo zote nne, na sina la kumlaumu. Nilipoinua macho nilimwona Marla nyuma ya kioo, kando ya Ostrander, mgongo umenyooka. Uso wake haukuonyesha kitu. Lakini bega lake la kushoto lilikuwa linapanda na kushuka, nikajua chini ya meza mguu unakanyaga. Alikanyaga mpaka pigo la mwisho. Lundy alipotoka akampa mkono, akamwambia asante, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu.

Albamu ilitoka Novemba. Tuliipa jina Mkitoka Fungeni Mlango, na Walt alipoliona juu ya jalada alilisoma kwa sauti, akasema, "Na huwa hamfungi." Marla alitaka jambo moja tu: nyuma ya jalada, kila wimbo uandikwe nani kapiga dramu. Tukaandika. Maandishi yalikuwa madogo, hakuna aliyeyasoma.

Ukumbi wa zimamoto ulijaa Jumapili ile ya uzinduzi, watu wakaimba nasi hata nyimbo ambazo hawakuwa wamezisikia. Baada ya hapo redio ya chuo kimoja ikaanza kupiga wimbo wa tisa, na redio nyingine mbili zikaufuata. Wimbo wa tisa ulikuwa mmoja wa zile nne. Kwa miaka iliyofuata, kila tulipokwenda, mtu angemjia Marla na kumwambia zile dramu za wimbo wa tisa, dada, umeua. Na kila mara Marla angejibu, "Huyo si mimi. Huyo Skip Lundy, wa Trenton," na mtu angeona haya, akajikuna kichwa. Lundy alipoambiwa na watu kuhusu hilo alimwandikia kadi.

Goti lilipona nusu. Aliendelea kupiga kwa mguu wa kushoto, na baada ya mwaka mmoja hata zile nne alizimudu. Walt alistaafu. Marla akanunua mashine ndefu ya kuvuta zulia bila goti, akaajiri mafundi watatu, na akiwakuta wanatumia kile chombo cha mto zaidi ya inavyobidi anawatimua ghalani. Yeye mwenyewe anapima vyumba na kuzungumza na wateja, na anasema kuzungumza ndiko kunakochosha.

Bendi ilidumu mpaka 2006, Brannigan alipohamia Delaware na mkewe. Mchana wa onyesho letu la mwisho, kwenye ukumbi wa askari wastaafu, tulikuwa tunakusanya vyombo alipokuja bwana mmoja wa makamo, kitambi, fulana ya timu ya uzimamoto. Alimwambia Marla kwamba wimbo wa tisa ndio uliomfanya anunue dramu akiwa na miaka hamsini na mbili, na mkewe sasa analala chumba cha wageni.

Nilingoja jina la Lundy. Marla akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Asante sana," akamwambia. "Usiache."

Yule bwana akaondoka ameng'aa. Nikamtazama Marla.

"Nini?" akasema.

"Hujamwambia."

"Kanunua dramu, Gavin. Nimwambie akazirudishe?"

Akabeba matoazi na vijiti, akaniachia mimi ngoma kubwa, maana ngazi za ukumbi ule zilikuwa bado zinamsumbua.